Prosesa Moja Ilibebeshwa Zote

Kwenye kituo cha simu za dharura, fundi mitambo alikuwa mwanamke, na wifi yake alikuwa mpokea simu chumba cha pili. Mtandao ukisumbua, wenzao walitania, "Wifi yako kakasirika tena?" Siku ile fundi hakucheka.

Sauti za wapigaji zilikuwa zikikatikakatika. Asubuhi mama mmoja alipiga, mkwe wake alikuwa anajifungua. Wifi alisikia "njooni". Jina la mtaa hakulisikia.

"Mtu analia, mimi naokota vipande!" alifoka, akivua visikilizi.

Fundi aliikagua seva. Ilikuwa na prosesa nane, yaani bongo nane za kufanya kazi, lakini kila sauti iliyoingia, kadi ya mtandao iliibishia hodi prosesa ileile ya kwanza: acha unachofanya, pokea hii. Ya kwanza ilikuwa hoi, nyingine zimekaa tu. Akaagiza kiini cha mfumo, programu kuu inayoiendesha seva, kizigawe hodi hizo kwa prosesa tatu. Sauti ikatakata. Akamimina chai. Kabla haijapoa, wifi alikuwa anagonga kioo.

Hodi zote zilikuwa zimerudi kwa prosesa ya kwanza.

Akagawa tena. Zikarudi tena. Mkuu wa kituo akachungulia mlangoni.

"Prosesa zote hizo, bado unaniambia imezidiwa?"

Fundi aliirudia skrini.

Mchana ndipo alipobaini mchawi: programu ya kusawazisha hodi ilikuwa ikifuta mpangilio wake kila baada ya muda, na mwenzake wa zamu nyingine ndiye aliyeiamuru itumie prosesa ya kwanza peke yake. Akampigia.

"Nilitaka programu ya simu isisumbuliwe," mwenzake alijitetea.

"Haisumbuliwi kweli, kaka. Hata sauti zenyewe haizipati!"

Mwenzake alinuna, lakini wakaelewana: prosesa mbili za hodi, zilizobaki za simu, na programu ya kusawazisha iamriwe hivyohivyo.

"Sasa nasikia mpaka wanavyohema," wifi alisema. Yule mama, kumbe, alipiga tena kwa simu ya jirani. Gari lilifika mtoto keshazaliwa, wote wazima. Ndipo fundi alipoikumbuka chai yake.

Kwenye kikao cha jioni, mkuu aliwashukuru mafundi wa nje waliobadilisha nyaya juzi, eti ndio walioziponya simu.  Wifi yake fundi alisonya, msonyo mrefu, chumba kizima kikageuka.