Mama na Bendi ya Jumamosi

Kila Jumamosi wakati wa kiangazi, mama yangu alikuwa akiwapeleka watoto bustanini kusikiliza bendi. Siyo mimi. Watoto wa memsabu.

Hiyo ilikuwa Nakuru ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau. Mama alikuwa yaya katika nyumba ya Wazungu upande wa juu wa mji, chini ya mlima wa Menengai. Alimlea msichana wa rika langu, wa miaka saba hivi, na mdogo wake wa kiume ambaye bado alisukumwa kwenye kigari. Mimi niliishi na nyanya yangu katika chumba kimoja huko lokesheni, mtaa wa Waafrika. Mama alikuja kutuona Jumapili mchana, na kabla jua halijatua alikuwa amesharudi kazini.

Katika saa hizo chache alinisimulia bendi. Aliniambia wapigaji walikuwa watu weusi kama sisi, wamevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi zikakauka kama karatasi, na Mzungu mmoja akisimama mbele yao na kijiti. Alinipigia nyimbo zao kwa kijiko juu ya sufuria, nyanya akilalamika kwamba anamharibia chombo. Nilizijua nyimbo hizo kabla sijawahi kuona tarumbeta.

"Na mimi utanipeleka lini?" nilimwuliza.

"Ukikua."

Yule msichana wa memsabu, niliyelingana naye umri, alikuwa amekua lini? Sikuuliza.

Asubuhi moja nilikwenda kuteka maji kwenye mfereji wa jumla. Niliporudi, mlango wetu ulikuwa wazi na uji ulikuwa ukiungua jikoni. Askari walikuwa wamepita wakikusanya Wakikuyu, wakampakia nyanya kwenye lori pamoja na wengine wapelekwe rizavu, maeneo ya mashambani waliyotengewa Wakikuyu. Hakupewa hata nafasi ya kuchukua blanketi. Jirani yetu alinishika mkono akanipeleka hadi mlango wa nyuma wa nyumba ya Wazungu, na hapo nikamsikia mama akiomba.

"Memsabu, mama yangu amechukuliwa. Huyu hana mtu wa kukaa naye."

Memsabu alinitazama kutoka juu mpaka chini. Hakuwa na uso mbaya. "Pole sana, yaya. Yeye kaa huko nyuma. Lakini hapana kelele, na hapana ingia nyumba yangu."

Basi nikalala katika kijumba cha mama nyuma ya jiko, na Jumamosi ikafika, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia, nikapelekwa kwenye bendi.

Muziki ulikuwa wa bure. Hapakuwa na tiketi, wala lango la kuzuia mtu. Wazungu walikaa mbele kwenye viti vya turubai, wakinywa chai. Mayaya walikaa nyuma kwenye nyasi, karibu na ua wa miiba ya kaiyaba. Hapakuwa na kibao kilichosema hivyo. Kila mtu alijua. Upepo wa ziwani ulileta vumbi jeupe la magadi likatuingia machoni, lakini tarumbeta zilipoanza nikasahau kujifuta. Sauti ilinigonga kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu nyanya achukuliwe, nilicheka.

Kisha yule Mzungu wa kijiti aliwaita watoto waje mbele wacheze. Msichana wa memsabu akaja mbio hadi kule nyuma akanishika mkono. "Njoo!" alisema, kwa Kiswahili alichofunzwa na mama yangu.

Nikaenda. Tulipiga gwaride kuizunguka bendi, magoti juu, na mpigaji wa ngoma kubwa akanitabasamia. Tulizunguka labda mara mbili. Halafu nikaona akina mama wakiwavuta watoto wao kando, mmoja mmoja, mpaka tukabaki sisi wawili. Muziki ukakatika.

"Hii toto ya nani?" mzee mmoja Mzungu aliuliza kwa sauti.

Nilimtazama memsabu. Asubuhi ile alikuwa amenifunga yeye mwenyewe utepe kichwani, utepe mkuukuu wa bintiye. Alitikisa kichwa, kisha akainamia kikombe chake.

"Ni wa yaya!" bintiye akapaza sauti. "Ni wa yaya wetu!" Memsabu akamvuta kwa nguvu, naye akaanza kulia.

Mama alikuja akikatiza nyasi. Hakukimbia. Nilimnyooshea mikono, nikijua atanibeba. Alinipiga kofi.

"Nani alikwambia utoke kule?" alinifokea. Akamgeukia yule mzee. "Samahani, bwana. Mtoto mjinga huyu."

Kisha akatoa leso yake, akapiga magoti, akamfuta machozi msichana wa memsabu. Yangu niliyafuta kwa mkono.

Jioni, akiwasha jiko, aliniambia bila kunitazama, "Nilikupiga mimi ili wasikupige wao."

"Wao hawakunipiga," nikamjibu.

Haukupita muda mrefu akanipeleka kwa dada yake huko Molo, kwenye shamba la Mzungu mwingine, nami nikakulia katika kuchuma maua ya pareto. Nyanya alifia rizavu. Tuliambiwa alipokuwa ameshazikwa. Mama aliendelea kuwapeleka wale watoto kwenye bendi mpaka walipohamia Uingereza. Alisema msichana alilia sana stesheni. Alinisimulia hilo kana kwamba ningefurahi.

Uhuru ulipokuja, bendi zilipiga katika bustani ileile siku za sikukuu, bure vilevile. Miaka mingi baadaye nilikuwa nimerudi Nakuru na watoto wangu, na mama alikuwa amezeeka na alikaa kwangu. "Twende na watoto," aliniambia sikukuu moja. Nilimwambia nina nguo za kufua. Akawapeleka wanangu yeye mwenyewe, nami nikabaki nikisugua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Walirudi wamejaa vumbi, wakishindana kunieleza jinsi nyanya yao alivyocheza mbele ya watu wote. Mama alikaa mezani akihema, uso unang'aa.

"Siku ile ulicheza vizuri," aliniambia ghafla. "Nilikuona."

Nilimsukumia sahani, nikamwambia chakula kinapoa.