Jogoo wa Kajulu

Siku ya kwanza kazini sikuonyeshwa meza. Mkaguzi Mkuu wa Miteremko, mzee mfupi asiyependa maneno mengi, alinipandisha milima ya Kajulu, akanisimamisha kwenye shamba la mtu na kuniuliza ninaona nini. Nikasema mahindi. Akaniambia nitazame miti. Yote ilikuwa imeinamia bondeni, kisha ikajipinda kulitafuta jua.

"Hapo ardhi inatembea, Bwana Kamau," akasema. "Polepole, lakini inatembea."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu kila masika: kupima ni mteremko upi unaelekea kuporomoka. Ninyi vijana mna vyombo vinavyotuma habari kwenye simu, nami nawaonea wivu kidogo. Sisi tulikuwa na vigingi. Tukikuta ufa, tulipigilia kigingi kila upande na kufunga kamba katikati. Kamba ikizidi kukaza, ufa unapanuka. Tulichungulia chemchemi pia, maana maji safi yakianza kutoka na tope, mlima unalainika ndani. Na tuliwauliza kina mama kama milango inakwama. Ardhi ikisogea, nyumba hupinda kabla mtu hajahisi lolote.

Mlango wa Mama Akoth ulikwama. Alikuwa mjane, muuza mboga katika soko la Kibuye, akiishi na wajukuu wake chini kabisa ya mteremko, na ufa juu ya boma lake ulimeza mguu wangu mpaka gotini. Mkaguzi Mkuu aliagiza mahema yasimamishwe kwenye uwanja wa shule. Familia mbili za jirani zilienda. Yeye akakataa. Mimi ni mtu wa Murang'a, nilishaona udongo ukifunika watu, na hasira ikanipanda. Nilimuuliza kama anataka kuwazika wajukuu.

Hakukasirika. "Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, "mlima nimeona. Lakini bwana yangu ndiye alinijengea hapa. Nikienda kulala kwingine hivi hivi, mambo mbaya itafuata hawa watoto. Niletee shemeji yangu."

Kwa desturi ya watu wa huko, boma jipya hufunguliwa na mwanamume wa ukoo wa mume, akitangulia na jogoo, shoka na moto. Shemeji alikuwa fundi wa baiskeli Kondele, nikamfuata huko huku mawingu yakijaa upande wa Nandi. Mkaguzi Mkuu alinung'unika kwamba serikali haikutuajiri kubeba kuku. Tulimbeba hata hivyo, kwenye gari la ofisi, akiwika njia nzima. Shemeji alisimamisha kibanda cha mabati mahali tambarare, akawasha moto, na Mama Akoth akahamia humo na wajukuu wake.

Mlima haukuanguka. Masika yakaisha, jua likawaka, nikawa kichekesho. Nikipita sokoni naulizwa mlima wangu umefika wapi. Niliona haya sana. Zile familia mbili zilikunja mahema zikarudi makwao. Nilimkuta Mama Akoth akipanda sukuma wiki nyuma ya kibanda, nikamuuliza kwa unyonge kama naye atarudi.

"Nirudi wapi?" akasema. "Boma ukishahama, huwezi rudi kulala. Hiyo sasa ni gunda." Gunda ni mahame, boma lililoachwa.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, kamba ilikaza tena, na tukawaonya majirani tena. Walicheka. Walishahama bure mara moja. Mteremko ulishuka wote asubuhi moja, ukafunika gunda la Mama Akoth na zile nyumba mbili. Tulichimba kwa majembe na mikono, hatukumtoa mtu akiwa hai.

Sasa nimestaafu, naishi Nyamasaria, na mvua ikianza kunyesha bado natazama juu Kajulu. Ufa tuliusoma sawasawa, hilo sina shaka nalo. Lakini hema ni rahisi kuingia, na ni rahisi kutoka. Wajukuu wa Mama Akoth ni watu wazima siku hizi. Nikikutana na mmoja wao Kondele nafurahi sana, tunasalimiana, ananiita Mzee. Kisha naenda zangu nikiwafikiria wale wengine, ambao hakuna aliyewabebea jogoo.