Mgongo wa Mama Sahani

Mara ya kwanza kufanya biashara na Kezia Nkunzimana, alinishinda. Alikuwa bado na sare ya shule, amekuja na gunia la maharage ya mama yake kutoka Rungwe Mpya mpaka barazani kwangu hapa Kasulu, na mimi nikamtajia bei ninayowatajia watoto wote wanaotumwa. Hakubisha. Akasema, "Ngoja nimuulize mama, yupo nyuma," akazunguka uani. Punde nikaisikia sauti ya Gharibu, mnunuzi mwenzangu, ile ya kukwaruza ya mtu wa sigara, ikisema nyuma ya mabati kwamba anachukua gunia lote, asipimiwe, apakiwe tu. Nikatoka mbio na bei mpya mdomoni. Gharibu hakuwepo. Alikuwepo mtoto peke yake, kasimama kando ya pipa la maji, ananitazama kwa adabu.

"Mzee Saady," akasema, "umesema ngapi?"

Nililipa. Maharage yalikuwa mazuri, na neno lilikwisha nitoka. Mke wangu Zena alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo mpelekeni redioni," akasema, "hapa atatufilisi."

Mama yake aliitwa Ntirampeba. Alivuka kutoka Burundi wakati wa vita, akakaa Nduta, ile Nduta ya mwanzo kabla kambi haijafungwa na kufunguliwa tena. Mume alimfia humohumo, akabaki na watoto watatu. Baadaye akapata uraia na kipande cha shamba, mambo marefu ambayo hayana kazi hapa. Nilipomjua mimi alikuwa muuza maharage, na kila siku ya soko alitandika gunia lake barazani kwangu. Sikumtoza kitu, maana mbali ya kununua mazao nilikuwa na duka. Waliofuata maharage yake waliingia dukani kutazama televisheni na madishi, na wengine walinunua.

Zena ni mtu wa Ujiji, kwao anayekaa barazani saa za mchana hashindi njaa. Alikuwa akimtolea Mama Kezia sahani ya ugali na dagaa. Ntirampeba aliipokea kwa mikono miwili, akasema "Urakoze, Mama Firdausi," asante kwa Kirundi na kwa jina la mtoto wetu, kisha akageuka. Alijivuta kitenge kichwani, akaelekea ukuta, akala. Wanawake wa umri wake, wa Burundi na hata Waha wa zamani, hawali mbele ya mtu baki. Kwao kula ni jambo la ndani, mlango umerudishwa. Alipomaliza aligeuka tena, sahani imeshaoshwa, akaendelea kupima maharage. Miaka yote hiyo hakuna mtu sokoni aliyeona kitu cha kusema.

Kezia alipomaliza shule hakupata pa kwenda. Nduta ilipofunguliwa tena, mashirika yalitafuta vijana wa kuigiza, kuwafundisha watu kunawa mikono na kutumia vyoo. Akajiunga na kikundi cha Kibondo. Alicheza kipindupindu. Nasema alicheza kipindupindu chenyewe, anatambaa kati ya watu akiwagusa sahani, na wazee wazima walikuwa wanarusha miguu kumkwepa. Mtu mmoja wa kamera akamwona, akampa namba ya simu. Akaenda Dar es Salaam.

Huko hakupotea, kama watu walivyomtabiria. Alipanga chumba na wenzake, akasuka watu nywele, akaenda kwenye usaili. Kwanza tulimwona kwenye televisheni, ni muuguzi anayesema "subirini nje." Halafu mfanyakazi wa ndani anayefungua geti. Alikuwa anapiga simu kwangu ili azungumze na mama yake siku za soko, na akianza na mimi lazima abadili sauti. Nimewahi kuongea na ofisa wa kodi robo saa nzima, jasho linanitoka, kumbe ni yeye.

Ndipo akapewa Mama Sahani.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya vichekesho, watu wa kila mkoa wanaishi nyumba moja ya kupanga. Walikosa mtu wa upande wetu. Wakamuuliza Kezia, kwenu watu wakoje? Akawaonesha mwanamke anayepewa chakula, anavuta kitenge, anageukia ukuta. Watayarishaji walicheka. Wakamtengenezea mhusika mzima, mwanamke mkimbizi, mchoyo, anayeficha nyama ili wapangaji wenzake wasimwombe. Kila kipindi anapewa sahani, anageuka, unaona mgongo wake tu, na taya likitafuna taratibu, na mkono ukipanda na kushuka. Hakusema neno. Nchi nzima ikamjua kwa mgongo.

Mimi nilikuwa naweka televisheni moja barazani, marudio ya Jumamosi mchana, kwa ajili ya biashara. Kipindi cha kwanza cha Mama Sahani baraza lilijaa. Ntirampeba alikuwa mahali pake, maharage mbele yake. Kezia akageukia ukuta, watu wakacheka, na mimi nilicheka. Kisha Stanislaus wa bodaboda akatoa macho kwenye televisheni akayapeleka kwa Ntirampeba, akayarudisha, akayapeleka tena.

"Mama Kezia," akasema, "kumbe nyama ipo mnatuficha?"

Kicheko cha pili hakikufanana na cha kwanza. Ntirampeba aliyafunika maharage kwa gunia, akatazama mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Baba Firdausi, yule ni Kezia?"

"Ndiye."

"Amenenepa," akasema.

Siku ya soko iliyofuata Zena alimtolea sahani, akasema ameshiba. Iliyofuata, ameshiba. Watoto walikuwa wanapita na miwa, wanamgeuzia migongo, wanatafuna. Wanunuzi wanawake, watu wazima, wanamwambia, "Mama Sahani, tugawie basi," na hawakuwa na ubaya, walidhani ni utani wa kumtukuza mzazi wa mtu maarufu. Akaanza kwenda kuuzia Kagerankanda. Na huko nako wana televisheni. Mwisho akakaa nyumbani, akawa anamuuzia Gharibu maharage shambani, kwa bei ya Gharibu. Kuuza sokoni ndicho kitu pekee alichokuwa amekijenga mwenyewe katika nchi hii, na hakuweza tena kukaa mahali watu wanapomwona.

Nilimwambia Kezia kwenye simu. Nilikuwa na jambo langu pia. Nilikuwa nafungua duka la pili Kibondo, njia ya kwenda Nduta, na nilimtaka aje afungue kama Mama Sahani. Tukavutana, akanibana, tukaafikiana. Atageuka mara moja tu, na sahani nitoe mimi. Ndipo nikasema, "Mama yako haji tena sokoni. Watu wanamwita jina lako."

"Mama anajua ni kazi, mzee wangu."

"Ulimuuliza?"

"Nilimtumia vitenge," akasema.

Akaja. Alishuka uwanja wa ndege na miwani mikubwa, watu wakimpiga picha, na jambo la kwanza aliloniomba ni kumpeleka Rungwe Mpya. Nilimpeleka kwa gari langu. Njiani alikuwa anaigiza kila abiria wa ndege aliyosafiri naye.

Ntirampeba alitupokea vizuri. Alimshika mwanawe mabega, akamsalimia salamu zote, za shamba, za afya, za safari, kama inavyotakiwa. Vitenge vilikuwa juu ya kabati, bado vina karatasi. Akapika ugali wa muhogo, maharage na mboga ya lengalenga. Nilitaka kutoka nje, kwa sababu najua mila yao, akaniambia, "Kaa, Baba Firdausi. Na wewe ulicheka."

Akatuwekea chakula. Kisha akaweka kigoda chake katikati ya chumba, akakaa akituelekea sisi, akateremsha kitenge mabegani, akala. Alikula akimtazama Kezia usoni. Tonge, maharage, tonge. Sijawahi kuona mtu anakula kwa shida namna ile, na chakula kilikuwa kitamu.

"Mama, inatosha," Kezia akasema.

"Tazama vizuri. Hivi ndivyo ninavyokula. Kwa Saady barazani nilikuwa nakula hivihivi, ila mgongo. Huyo wako wa kwenye televisheni simjui anafanya nini."

"Ni mchezo tu."

"Mkono wake unapanda umefumbwa. Taya linakwenda muda mrefu, halafu shingo inameza. Tonge haliliwi hivyo. Tonge linaisha upesi." Akasukuma sahani kando. Akageukia ukuta, akavuta kitenge, na mikono yake ikiwa mitupu akaanza kutafuna. Alikuwa Mama Sahani mtupu, mpaka mabega. Aliyemjua kwenye televisheni angepiga makofi.

"Huyu umemtoa wapi?" akauliza ukuta.

Kezia alirudisha tonge lake sahanini.

"Umemtoa Nduta. Mgao ulikuwa umepunguzwa, na nyie mlikuwa watatu. Ningekaa bila sahani msingekula, wewe hasa, ulikuwa na jicho. Basi nikawa nachukua sahani nageuka. Mila ikanisaidia, hakuna aliyeuliza. Nilikuwa natafuna mpaka mmalize." Akageuka, akakaa sawa. "Miaka yote nilijua nimewadanganya vizuri. Kumbe ulikuwa unatazama. Ukanitazama vizuri kuliko wote, halafu ukawaambia watu ni uchoyo."

Kezia aliinamisha kichwa mpaka nikaona mstari wa wigi lake. Yule msichana aliyeweza kuwa mtu yeyote hakupata hata mmoja wa kuwa. Alisema, "Sikujua, Mama," kwa sauti yake mwenyewe, na nikagundua kwamba sauti hiyo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. Ni ndogo.

"Najua hukujua. Ndiyo maana nakwambia. Kula, mwana wanje, mwanangu. Leo chakula kipo."

Hakuweza. Alijaribu, tonge likakaa shavuni. Vyovyote ambavyo angelila, sura yake ingekuwa ya Mama Sahani. Mwishowe alitoka nje akalitema nyuma ya nyumba, na mimi na Ntirampeba tukajifanya tunasikiliza kuku.

Kesho yake Kibondo watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Spika zinalia, televisheni zimepangwa, nimeandaa meza na sahani yenye paja la kuku. Kezia akapanda jukwaani amevaa kitenge kile cha Mama Sahani. Watu wakaanza, "Geuka! Geuka!" Akaichukua sahani. Akasimama nayo akiwatazama. Nikadhani anawatega, ni ufundi. Kelele zikapungua zenyewe, na yeye bado amesimama.

"Leo sigeuki," akasema. Akaiweka sahani mezani.

Watu wakaguna. Mmoja akasema amekuja kwa mguu kutoka mbali kuja kuona mgongo, sasa anaoneshwa uso. Wengine wakaanza kuondoka, na walioondoka ndio wenye uwezo wa kununua. Nikapanda jukwaani, nikamwambia kwa chini, "Binti, tuliafikiana."

Akanitazama. Akachukua kipaza sauti, akatoa tumbo mbele, akafunga mikono nyuma, akasema kwa sauti yangu, mtupu mimi, na kule kuvuta pumzi kabla ya kutaja bei: "Binti, tuliafikiana. Mimi hapa sipati kitu. Hii bei nakupa kwa sababu nilimjua marehemu baba yako."

Kibondo nzima ikaangua kicheko. Akaendelea kuniuza mimi saa nzima. Mteja ananitajia bei, nashika moyo, namwita Zena aje ashuhudie, naondoka, narudi. Watu waliokwenda wakarudi. Televisheni ziliuzika, sikatai. Lakini nilikuwa nimesimama palepale kando yake, sina pa kuweka uso, kila jicho linatoka kwake linakuja kwangu, kama lilivyotoka kwenye televisheni likaenda kwa Ntirampeba. Mpaka leo nikivuta pumzi kabla ya kutaja bei, kuna mtu anacheka.

Aliporudi Dar aliwaambia hatageuka tena. Walimsihi, kisha wakamchukua msichana mwingine. Huyo anageuka vibaya, mkono unapanda tu bila kujua unafuata nini, lakini watu wanacheka vilevile. Hilo ndilo linalomuuma Kezia kuliko kukosa kazi. Mama Sahani yupo bado, ana kitenge kilekile, na aliyemleta duniani hawezi kumtoa. Akawa anaigiza kwenye matangazo ya redio, sauti tu. Mwaka huu amerudi Kibondo, anafundisha kikundi cha vijana kilekile alichoanzia.

Ntirampeba amerudi barazani kwangu. Nilimfuata mwenyewe, kwa sababu maharage ya wengine hayakuniletea watu dukani, na wateja waliulizia ya kwake. Watoto wa sokoni bado wanalitaja lile jina, ila si kwa sauti kubwa. Zena anamtolea sahani, anaipokea kwa mikono miwili. Hageuki. Anakaa ameelekea barabara, kichwa wazi, anakula anamtazama kila anayemtazama, mpaka mwenyewe aondoe macho. Hata Stanislaus huwa anajifanya anaangalia tairi. Zena anasema amezoea. Mimi namwona mkono unavyokwenda kwenye kitenge kabla ya tonge la kwanza, kisha ukarudi, na nadhani hajazoea wala hatazoea. Mlango wake wa kurudisha umekwenda, na hakuna wa kumlipa.

Kezia huja siku za soko kumsaidia kupima. Anachangamka, anaigiza wateja, anapandisha bei ya maharage kama zamani. Ila Zena akitoka na sahani, na mama yake akiiweka mapajani na kuinua macho barabarani, yeye huchukua kopo la kupimia, akageukia ukuta wangu, akakaa hivyo mpaka mama amalize.