Nyasi za Kona Ile

Shule niliiacha darasa la nne. Hesabu na mimi tulishindwa kukaa nyumba moja, nikaondoka mimi. Lakini pale kijijini kwetu Kaagya nilihesabiwa msomi, kwa hiyo lori lilipowashusha mume na mke waliokimbia Rwanda nyumbani kwa mchungaji, nikaitwa nikawe mkalimani. Kinyarwanda sikujua hata kidogo. Niliongea Kihaya polepole, kwa kelele, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Wakanielewa kwa huruma tu.

Walikuwa na watoto wawili, binti na mdogo wake wa kiume. Yule wa kiume alikuwa na homa tangu njiani. Mama yangu akawapa nyumba ya msonge aliyoiacha bibi, pembeni ya kibanja chetu, shamba letu la migomba. Tukawatandikia nyasi mpya sakafuni, kama tunavyomtandikia mgeni yeyote. Mgonjwa akalazwa kwenye kona, karibu na moto. Hakumaliza wiki. Tulimzika kanisani, lakini mama yake alibaki na ile kona.

Kwetu nyasi zikichakaa zinatolewa, zinaletwa nyingine. Mama alipofika na mzigo wa nyasi kichwani, yule mama akakaa kwenye kona, mikono ameitandaza, hasogei.

"Mwacheni," mume wake akasema kwa Kihaya cha kuokoteza. "Anasema mtoto ameacha alama ya mwili."

Nikainama kutazama, nimeshaandaa na mzaha. Laiti ningeweza kusema sikuona kitu. Nyasi zilikuwa zimebonyea, ndogo hivi, na upande mmoja palikuwa na mahali pa kichwa.

Mvua zikaanza. Nyasi zikaoza, viroboto wakazaliana, mimi walinipokea mlangoni kama shemeji. Binti akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima, tukawa tunakisikia mpaka kwetu.

"Na huyu naye atakwenda," mama akaniambia. "Wewe msomi, nenda ukaseme naye."

"Nikaseme nini?"

"Ndicho walichokufundisha? Kuuliza?"

Tukaenda wote. Nikapiga kelele zangu za Kihaya, nikaonyesha binti, nikakohoa mwenyewe kwa mfano. Yule mama akauliza kwa sauti ndogo, kwa Kihaya alichokiokota kwetu:

"Mtazichomea wapi?"

Mama yangu akashika kiuno. "Kuchoma? Waitu, nani anachoma nyasi za nyumba? Zinakwenda kwenye migomba!"

Miezi yote ile, hakuna aliyemwambia. Nani anaeleza kitu anachokijua kila mtoto wa kwetu?

Akainuka. Akazikusanya nyasi za kona ile peke yake, akazibeba kifuani, akapita kibanjani mgomba hadi mgomba. Alipoupata mmoja uliomridhisha akazilaza chini yake taratibu, akazifunika na majani makavu. Sisi tukatoa zilizobaki, tukatandika mpya. Kikohozi cha binti kikapungua, kikaisha.

Baadaye lori lilikuja kuwahamishia wakimbizi mahali pengine. Mume akafunga mzigo, mke akaufungua. Lori likaondoka bila wao.

Mgomba ule ulizaa mkungu mkubwa kuliko yote, na hakuna aliyeugusa. Mimi nilikuwa naupita kwa mbali, napiga mluzi. Siku moja yule mama akaukata mwenyewe, akapika, akatuita. Mimi, mtu wa kulamba sahani za wenzangu, nilitafuna tonge moja mpaka likapoa mdomoni.

Binti akasukuma sahani yake mbele, akaomba aongezwe.

Mama yake akamwongezea.