Anwani Ambayo Hakuiuliza

Kazini walimwita Mama Anwani, na jina lenyewe alijitafutia. Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya maji, chumba cha mwisho ukishapita choo, chenye meza iliyojaa nyaya kama utumbo wa kuku. Mtu akimletea kompyuta inayojikokota, yeye hufungua ile orodha ya programu zinazoendelea kufanya kazi humo ndani, huipitia kwa kidole, kisha huuliza swali lake lilelile: "Na huyu, anwani yake ni ipi?"

Maana jina, aliwaambia, si kitu. Programu za mfumo, zile halali zilizokuja na kompyuta, zina majina ya ajabu, herufi zimerundikana utadhani mtu kakalia kibodi. Asiyezijua huziona akashtuka, akazizima, na kompyuta nzima ikazimika mbele ya macho yake. Kirusi naye si mjinga hata ajiite kirusi. Hujipa jina lilelile la programu ya mfumo, herufi kwa herufi, akajipanga mstarini na wenzake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema ufanyeje kikivaa sare ya askari. Basi usiishie kwenye jina. Bofya, utazame faili lake linakaa folda gani. Programu ya mfumo hukaa kwenye folda ya mfumo. Ukimkuta amejibanza kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa mtandaoni, huyo ni mwizi, mtoe.

"Mama Anwani," mhasibu alimtania siku moja, "binti yangu kaleta mchumba. Njoo umbofye basi."

"Mlete tu," akamjibu. "Ila aje na mama yake."

Nyumbani alikuwa na mume, mwalimu wa muziki aliyestaafu, mtu mpole mwenye maswali mengi. Mwalimu aliandika nyimbo za kwaya. Zamani alizibeba kichwani, lakini kichwa kilipoanza kuvuja, mkewe alimfundisha kuziandika kwenye kompyuta, kwa ugomvi mwingi na vicheko vingi. Ikawa kila jioni yuko kwenye ile kona ya meza ya kulia, miwani puani, akiita: "Mke wangu, hii nayo nini?" Miezi ya mwanzo alijibiwa vizuri. Baadaye akawa anajibiwa kutoka jikoni.

Jumamosi moja Mama Anwani alirudi kutoka kazini hoi. Ofisi nzima ilikuwa imemganda tangu asubuhi, huyu printa, yule neno la siri. Hajakaa hata kitako, mwalimu akaita.

"Mke wangu, mashine inahema. Njoo uone."

Alikuja na mikono yenye povu la sabuni, akasimama mlangoni. Mwalimu alikuwa ameshafungua orodha mwenyewe, kama alivyofundishwa, kidole kiko juu ya mstari mmoja.

"Huyu hapa anakula nguvu zote. Ni wa kwetu huyu?"

Akalisoma jina akiwa palepale mlangoni. Alilijua kama anavyolijua jina la dada yake. "Huyo wa mfumo. Mwache."

"Na anwani yake ni ipi?" Mwalimu aliuliza huku akitabasamu. Alikuwa anamtania mkewe kwa maneno yake mwenyewe.

"Mwalimu, mimi nimeshinda na hizi mashine toka asubuhi. Leo wewe ndiye wa kunifundisha?"

Tabasamu la mwalimu likafutika. "Haya, mkuu," akasema, akaendelea kuandika.

Kesho yake hakuna wimbo hata mmoja uliofunguka. Mafaili yote yalikuwa yamefungwa kwa kufuli lisiloonekana, na juu ya kioo kuna ujumbe wa kudai fidia ili yafunguliwe. Ndipo Mama Anwani alipokaa kitini akabofya. Lile jina alilolijua lilikuwa likiishi kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, lilikoingia pamoja na sauti za kinanda za bure alizozipakua mwalimu. Na flashi ya akiba, yenye nakala za nyimbo? Ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo, maana yeye mwenyewe alisema ikae hapo isipotee, nayo ikafungwa vilevile. Kazini huwakaripia watu kwa kosa hilo. Mganga hajigangi.

Aliipeleka kompyuta kwa mafundi wenzake, wakatikisa vichwa: mafaili hayafunguki. Kilichomuuma zaidi ni mwalimu. Angefoka, angalau wangelingana. Lakini wanakwaya walipokuja kumpa pole, aliwaambia, "Mashine imezeeka, kama mwenyewe tu," wakacheka. Mama Anwani alikuwa anawamiminia chai, akatamani sakafu immeze. Akaendelea kumimina, na ukweli ukamkaa rohoni.

Wanakwaya walikuwa na nakala za karatasi. Wakazileta, nyingine zina madoa ya mafuta, nyingine zimekunjwa hadi zimechanika. Mama Anwani akachukua kazi ya kuziingiza upya kwenye kompyuta. Muziki hakuujua hata kidogo, alinakili tu vile vidoa na vimkia kimoja kimoja, mwalimu akiwa pembeni akimsahihisha. Kazi ilichukua msimu mzima wa mvua. Alipomaliza ukurasa wa mwisho, alijisikia kama mtu aliyetua mzigo.

"Zimetimia?" akauliza.

"Zote zilizowahi kuimbwa," mwalimu akajibu.

Mama Anwani akageuka. "Kuna wimbo ambao haukuwahi kuimbwa?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Ulikuwepo mmoja. Nilikuwa nakuandikia wewe, kwaya ikuimbie siku utakayoagwa kazini. Ndio niliokuwa nao mkononi siku ile mashine ilipohema."

"Uandike tena."

"Nimejaribu, mke wangu. Kwani unadhani asubuhi nikijifungia huwa nafanya nini?"

Machozi yalimtoka Mama Anwani bila taarifa. "Nisamehe," akasema. Alikuwa amelibeba neno hilo tangu siku ile, na sasa limetoka likiwa dogo kuliko alivyotarajia.

"Ulikuwa umechoka," mwalimu akasema.

"Niimbie hicho unachokikumbuka."

Mwalimu akanyoosha mgongo, akainua mkono kama anayeiongoza kwaya, akaanza. Wimbo ulianza taratibu, kisha ukapanda, ukapendeza, na ulipofika mahali pa kugeuka mkono wake ukabaki hewani. Akatafuta kwa midomo, bila sauti. Mkewe akamwomba arudie. Akarudia toka mwanzo, vizuri zaidi ya mara ya kwanza, na ukaishia palepale.