Kichaka cha Beri cha Skaidrīte

Mdomo ninao, kijiji kizima kinajua. Ila siku ulipotakiwa kusema, niliufumba, na sijajisamehe.

Skaidrīte alikuwa jirani yangu, mjane wa miaka themanini na moja, mkaidi huyo! Macho yalishaingia ukungu, lakini kukiri, thubutu. Ukimwuliza, anakujibu, "Vya kuona nimeshaviona vyote, shoga." Binti yake Dzintra, anayekaa mjini Riga, alimpa sharti: "Mama, nakuja sikukuu ya Jāņi. Nikikuta bustani imekushinda, tunafunga nyumba, unakuja kukaa na mimi." Nyumba yenyewe ndiyo aliyozaliwa humo.

Sasa kwetu, jioni ya Jāņi, sikukuu yetu ya kiangazi mwezi wa sita, waimbaji hupita kwa kila mtu kukagua bustani. Wakikuta magugu, mwenyewe ataimbwa mpaka ashike kichwa, na ni marufuku kununa. Mwaka wa nyuma Skaidrīte ndiye aliyeniimba mimi:

Huyu Mirdza wa magugu, bustani imemshinda,
kabeji hakuipanda, miiba ameilinda!

Watu walicheka hadi bia ikawapalia. Nami nilicheka, lakini moyoni nilisema, aliye juu mngoje chini.

Mwezi wa Mei nikamwona nzi msumeno kwenye kichaka chake cha beri nyekundu, pale chini ya dirisha. Mdudu mwembamba wa manjano. Jike ana kimsumeno mkiani, anapasulia mshipa wa jani na kutia mayai. Wiki ya pili, majani ya chini kabisa, katikati ya kichaka, yalikuwa na vitundu kama vya sindano. Hao viwavi nawajua. Wanaanzia ndani, mahali ambapo hakuna anayeinama kutazama, kisha wanapanda. Ukija kuwaona kwa nje, umechelewa. Majivu ya jiko, asubuhi kabla umande haujakauka, yangewamaliza.

Nikanyamaza. Nikaanza kutunga wimbo.

Yeye siku hizo alikuwa anapalilia kwa magoti, akiyatafuta magugu kwa vidole.

"Mwaka huu utakosa la kuimba, Mirdza!" alinipigia kelele juu ya ua.

"Tutaonana, bibi wewe!"

Kila nikipita nilichungulia. Viwavi wa kijani, vidoti vyeusi, wamejipanga kwenye kingo za majani, mikia juu. Leo tawi moja, kesho matatu. Na sharti la Dzintra nililijua vizuri. Nikajiambia, nitasema kesho. Kesho ikaja nikiwa natafuta vina.

Asubuhi ya sikukuu alikata matawi ya mti wa gome jeupe, kama ilivyo desturi, akayachomeka kukizunguka kichaka ili kipendeze. Hapo kikafichika kabisa.

Jioni tukafika tunaimba, jua bado lipo. Dzintra alisimama mlangoni na sahani ya jibini ya kisibiti. Tukazunguka bustani yote. Gugu hata la dawa hatukuona. Ndipo mimi, kwa mkono wangu huu, nikasogeza yale matawi.

Kichaka kilikuwa vijiti vitupu. Vishada vya beri mbichi vilining'inia uchi, na viwavi walikuwa wametapakaa wakitafuta jani la mwisho. Wimbo ukakatika. Hakuna aliyecheka. Dzintra alikitazama kichaka, halafu akayatazama macho ya mama yake, akayatazama kwa muda mrefu.

Skaidrīte akapiga makofi. "Ehee! Leo mmekosa la kusema! Mirdza, uko wapi wimbo wako?" Akapeleka mkono, akashika lile tawi alilolichomeka mwenyewe, akayapapasa majani yake. "Hebu shika, Dzintra. Ona beri yangu ilivyostawi!"

Nilitaka kusema, makosa ni yangu mimi, mzee hana kosa. Mdomo ukagoma.

"Nimeona, Mama," Dzintra alisema, akaiweka sahani chini.

Mwezi wa saba nyumba ilitiwa kufuli. Ufunguo, Skaidrīte mwenyewe aliniachia mimi, kwa sababu aliniamini.