Hakuiba Sukari

Mwezi wa sita uliopita nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mwanangu, hapa Sumbawanga, nikiota moto wa jiko la mkaa. Ilikuwa siku ya baridi, ile ambayo upepo unapita hata kwenye sweta mbili. Wajukuu walikuwa wamefunga shule. Mmoja wao, binti wa kidato cha pili, alichomeka kwenye televisheni flashi aliyoiazima kwa rafiki yake. Alisema ina picha za zamani zilizotafsiriwa, za kuchekesha. Sikugeuka. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume ikisema, "Mwizi huyu, mwacheni afundishwe adabu," na nyuma yake watu wakicheka.

Sauti ilikuwa yangu.

Wajukuu waliijua mara moja. Mdogo wao akasema kumbe babu alikuwa DJ wa kutafsiri picha, na wote wakaanza kunitania. Wakanitaka niwatafsirie taarifa ya habari kwa sauti ile ile, nikacheka nao kidogo. Kwenye kioo alikuwapo mtoto wa kizungu, msichana, amesimama mbele ya meza na mikono yake ameificha nyuma. Nilisema naenda chooni. Nilisimama nyuma ya nyumba, kwenye mikaratusi, nikisubiri picha iishe, na hata pale niliisikia sauti yangu ikitoka dirishani. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye afya, anayejiamini, na kila neno lilikuwa uongo.

Nitaeleza ilivyokuwa.

Nilisoma hadi kidato cha nne katika shule ya misheni, upande wa Kaengesa, na Kiingereza nilikishika vizuri. Sikupata kazi ya ofisini. Nililima, nikauza mbolea, halafu, nikiwa tayari mtu mzima mwenye watoto wakubwa, nikafungua banda la video. Vijana waliliita kibanda umiza. Lilikuwa na mabenchi, mabati juu, na mifuko ya mbolea iliyoshonwa kuzuia mwanga. Mabanda mengine yalionyesha picha jinsi zilivyo, lakini mimi nilikaa mbele na maikrofoni, mkono mmoja kwenye deki. Kila mtu wa kwenye picha alipofungua mdomo nilipunguza sauti yake nikasema mimi. Watu walitoka hata Matai siku ya soko, wakasema picha bila yule mzee ni kama chai bila majani. Nilipenda sana kusifiwa hivyo. Ukiongeza utani kidogo watu wanacheka, na ukiongeza zaidi wanarudi kesho. Fundi mmoja wa redio alizoea kurekodi nilivyotafsiri na kuuza nakala, nami nikaona ni heshima.

Banda lilikuwa uani kwa mdogo wangu wa kike, kwa sababu yeye na mume wake walikuwa na kiwanja kikubwa karibu na barabara. Ukuta wa nyuma wa banda ulikuwa ndio ukuta wa stoo yake ya mahindi.

Mume wake alikuwa na mdogo wake aliyefariki na kuacha binti. Wakamchukua mtoto huyo kutoka kijijini kwao, mbele ya Matai, ili asome mjini. Nadhani alikuwa na miaka kumi na moja. Kifipa chake kilikuwa kizito na Kiswahili alikuwa anakijifunza kwa kusikiliza zaidi kuliko kusema. Alimwita mdogo wangu mama mkubwa, na mimi aliniita mjomba kama walivyoniita watoto wa nyumba ile. Jioni baada ya shule alizunguka na karanga kwenye sinia mle bandani. Niliona alivyokuwa anakonda. Niliona anavaa sweta hata siku za jua, na mikono ya sweta ameivuta mpaka kwenye vidole.

Na nilimsikia. Hili ndilo gumu kuliandika. Alipofungiwa stoo, kilio chake kilipita kwenye ukuta hadi kwangu. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama mtu anayehesabu kwa pumzi. Watazamaji waliokaa nyuma waligeuka wakanitazama, nami nikaongeza sauti ya spika. Sikufanya hivyo mara moja tu.

Picha ile ililetwa na mfanyabiashara wa kanda, ikiwa ndani ya bunda pamoja na za ngumi. Niliitazama kwanza peke yangu, kama ilivyokuwa kawaida yangu, asubuhi moja. Mwanzoni ziliandikwa herufi nyeupe kwamba kisa hiki kilitokea kweli. Mtoto amefiwa na mama, amechukuliwa na shangazi yake, anafungiwa kwenye kabati la chini ya ngazi. Majirani wanasikia, wanawasha redio. Karibu na mwisho anakuja mwanamke wa serikali, anamsimamisha mbele ya meza, anamuuliza nani amekufanya hivi. Shangazi yupo nyuma ya kiti. Mtoto anasema, "Ni yeye. Na kabla ya leo hakuna aliyeniuliza." Kisha inatokea picha ya mnato ya mtoto mwenyewe, yule wa kweli, na mwaka aliofariki.

Nilizima deki nikakaa na mabenchi matupu. Nilijua niliyemwona. Ningeweza kuirudisha ile kanda kwa mwenyewe, au kumwita mdogo wangu tukakaa chini tukasema. Badala yake nikaipanga Jumapili saa kumi, kwa kuwa nilikuwa nimeshatangaza picha mpya na sikuwa na nyingine.

Jumapili ile mdogo wangu alikuja na wenzake wa kanisani, wakakaa benchi la mbele. Msichana alisimama mlangoni na sinia lake. Nilianza vizuri. Lakini kabati lilipofungwa kwa mara ya kwanza niliona mama mmoja anamtazama mdogo wangu kwa pembeni, mwingine naye akafanya hivyo, na banda likawa kimya namna nisiyoizoea. Nikaogopa. Niliogopa kwa ajili ya mdogo wangu, kwa ajili ya banda, na kwa ajili ya jina la nyumba yetu. Nikashika maikrofoni nikasema, "Mnaona huyu? Ameiba sukari kilo nzima, amelamba yote."

Watu walipumua. Mtu mmoja nyuma akasema staringi gani huyu, mwizi wa sukari, na kicheko kikaanza. Kuanzia hapo sikuweza kurudi nyuma. Kila mara mtoto alipolia nilimpa uongo mwingine. Mwanamke wa serikali alipouliza swali lake na mtoto akajibu, nilisema, "Nimekosa shangazi, sitarudia." Mabibi wa mbele wakapiga makofi. Nilibonyeza kitufe kabla ya ile picha ya mnato, nikatangaza imekwisha, tokeni kwa utaratibu.

Alibaki yeye, anaokota maganda ya karanga.

"Mjomba, yule mtoto aliiba lini?"

"Mwanzoni."

"Mbona hawakuonyesha?"

Nikamwambia kanda ilikuwa mbovu, kipande kile kilikatika. Aliendelea kuokota. Akasema, "Sawa mjomba," akatoka na sinia.

Hazikupita wiki mbili, mwalimu wake wa darasa akaja nyumbani pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa kijana mgeni kwetu, mtu wa kaskazini magharibi ambaye ndugu zake walikuja Rukwa na ng'ombe, na hakujua Kifipa hata cha kuombea maji. Alikuwa ameuona mkono wa kushoto wa mtoto. Ulikuwa umeungua kiganjani na kwenye vidole, na umefungwa kitambaa cha kanga. Alisema anataka kusikia mwenyewe kabla ya kuandika taarifa ya kupeleka mbele.

Kwetu jambo la nyumbani linasemwa kwa Kifipa, na wakubwa wanakaa wote. Wakaitwa shemeji yangu, baba mkubwa mwingine wa mtoto kutoka kijijini, na mimi, kwa kuwa ndimi kaka wa mwenye nyumba. Mtoto akasimamishwa katikati, mikono nyuma. Mama yake mkubwa alikuwa nyuma ya kiti changu. Mwenyekiti akasema hatuna tatizo la lugha, mtafsiri mashuhuri wa mji mzima tunaye hapa. Watu wakatabasamu.

Mwalimu akamuuliza kwa Kiswahili, taratibu, nani amekufanya hivi. Mtoto akajibu kwa Kifipa, kwa sauti ya chini lakini bila kusitasita, sentensi nne au tano. Wakubwa wote waliojua Kifipa waliinamisha macho. Mwalimu akanigeukia mimi.

Nikasema, "Anasema aliteleza akaangukia jiko. Anaomba msamaha kwa kuwasumbua."

Sikuambiwa niseme hivyo, na hakuna aliyenikonyeza. Maneno yalikuja yenyewe, na yalikuja kwa ile sauti ya bandani. Mtoto alinitazama. Kiswahili cha kusikia alikuwa nacho cha kutosha, alikuwa ameelewa kila neno nililosema. Lakini mtoto wa kwetu hamkatizi mtu mzima mbele ya wageni. Baba yake mkubwa wa kijijini alikohoa, shemeji yangu akasema basi tumeelewana. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake kile nilichokisema, akashukuru, akanywa chai yetu, akaondoka.

Jioni hiyo sikufungua banda.

Kabla ya mavuno msichana alitoroka. Tulisikia amepanda lori la mahindi linaloshuka ziwani. Mdogo wangu alisema mbele ya watu kwamba amelea nyoka, nami nikanyamaza. Miaka ikapita, banda likafa, kila mtu akawa na picha zake kwenye simu. Mdogo wangu alipofariki ni mimi niliyesoma wasifu wake. Nilisoma kwamba alikuwa mama wa yatima. Neno hilo nilikuwa nimeliandika mwenyewe na nililisoma bila sauti kutetemeka.

Kwa hiyo siku ile nyuma ya nyumba kwenye mikaratusi haikuwa siku ya kukumbuka, maana sikuwahi kusahau. Nilichogundua ni kwamba sauti yangu bado inafanya kazi. Mimi nimezeeka, meno yamepungua, lakini huko ndani ya flashi za watoto bado nasema mtoto aliiba, na wasiokuwa wamezaliwa wakati ule wanacheka. Nilimwomba mjukuu afute. Alifuta, akasema lakini babu, ipo kila mahali.

Siku chache baadaye mtu wa Matai aliniambia kwenye msiba mmoja kwamba yule msichana yupo Kasanga, ni mama mtu mzima, anaanika dagaa na kuwauzia watu wa Zambia. Wiki iliyofuata nikapanda gari. Ukishuka kutoka Ufipa kwenda ziwani joto linakupokea njiani, nikavua koti, halafu sweta, nikafika nimevibeba mkononi kama mtu aliyekuja kuuza mitumba.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja kwa mkono wa kulia. Kando yake alikuwa binti wa umri wa mjukuu wangu, anafukuza kunguru. Alipoinua kichwa alinitambua. Aliweka mkono chini, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa utotoni.

"Shikamoo mjomba."

Niliitikia marahaba. Alinipa ndoo nikae juu yake. Akauliza habari za huko juu na baridi, akasema alisikia mama mkubwa amefariki. Niliyokuja nayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima, na yote yakanitoka. Nilimwambia tu, "Mtoto wa kwenye picha hakuiba sukari."

"Najua," akasema. "Picha nilikuwa naziona."

"Kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka kuona kama utaniambia wewe."

Nikamwomba msamaha. Hakuupokea wala hakuukataa. Akaendelea kugeuza dagaa, kisha akasema kwamba ile picha ilifika hata Kasanga, ilionyeshwa bandarini, na yeye aliondoka aliposikia ninaanza kusema. Watu walicheka huku pia, akasema. Halafu akamwita binti yake, akamsimamisha mbele yangu.

"Huyu amezaliwa ziwani, Kifipa hajui," akasema. "Huwa ananiuliza mkono huu. Nimekuwa nikimwambia niliangukia jiko, kama ulivyosema wewe. Mjomba, mtafsirie nilichosema siku ile."

Binti alinitazama, hajui anachosubiri. Hapakuwa na maikrofoni wala kicheko nyuma. Niliyakumbuka maneno yake yote, hata mahali alipovuta pumzi. Nikasema, "Mama yako alisema: Mama mkubwa alinishika mkono akauweka kwenye jiko mpaka nikaacha kulia. Ananifungia stoo na mahindi. Mjomba ananisikia ukutani. Alinifungia jana."

"Si jana," akasema mama yake, bila kuinua macho kwenye dagaa. "Nilisema kila siku."

Nikarudia kutoka mwanzo.